Maduka ya Jumapili nani aliyaharibu? Uchambuzi wa kisa cha vichwa viwili vya habari

Usuli

Kisa hiki kilitokea kwenye chumba cha habari kinachochapisha kwa Kiswahili. Nilikuwa mhariri wa zamu wa dawati la kimataifa, na habari zote mbili nitakazozieleza zilipita mikononi mwangu. Nimeondoa jina la chombo, nchi, miji na timu, na nimebadilisha maneno machache kwenye vichwa ili visitafutike kirahisi. Sarufi sijaigusa, maana kisa chenyewe kimo humo.

Dawati lilikuwa na watu wachache na kazi nyingi. Habari zilitufikia kwa Kiingereza kutoka mashirika makubwa, mfasiri wa zamu anazigeuza, mimi nasoma, narekebisha, naweka kichwa au nakubali alichoweka yeye. Nafasi ya kichwa ilikuwa finyu na mfumo ulikata kila kilichozidi. Hilo la nafasi likumbukwe, litarudi.

Mfasiri aliyekuwa zamu juma hilo tulikuwa tukimwita Dogo, basi nami nitamwita hivyo. Hakuwa mtu wa chuki. Nalisema mapema kwa sababu visa vya aina hii vikisimuliwa, watu huanza kumtafuta mbaguzi, na wakimkosa hudhani hakuna kisa.

Yaliyotokea

Jumapili usiku timu fulani ilitwaa ubingwa. Mashabiki, karibu wote Wazungu, walitoka mitaani kusherehekea, na kabla hakujapambazuka walikuwa wamevunja vioo vya maduka na kuchoma magari mawili. Sisi tuliandika:

"Furaha yapitiliza, maduka yaharibiwa usiku wa ubingwa."

Sentensi ya kwanza chini yake ilisema shamrashamra ziligeuka vurugu "baada ya vioo vya maduka kadhaa kuvunjika na magari mawili kuteketea".

Alhamisi ya juma hilohilo, katika nchi nyingine, kijana mweusi alifia mikononi mwa polisi. Usiku uliofuata watu waliandamana, wengi wao weusi ingawa picha zilionyesha mchanganyiko, na baadhi yao wakavunja vioo na kuchukua bidhaa. Sisi tuliandika:

"Weusi wavamia maduka, wapora usiku kucha."

Na chini yake: "Kundi kubwa la weusi limevamia na kupora maduka usiku wa kuamkia leo, kufuatia kifo cha kijana aliyefariki dunia baada ya kukamatwa na polisi."

Niliisoma hiyo ya pili nikiwa nimesimama, chai mkononi. Nikarekebisha herufi moja iliyokosewa, nikaipitisha.

Siku moja baadaye msomaji alituandikia. Hakutukana, hakuhutubia. Alinakili vichwa vyote viwili, kimoja juu ya kingine, kisha akaweka swali moja: "Maduka ya Jumapili nani aliyaharibu?"

Jibu langu la kwanza, ambalo namshukuru Mungu sikulituma, lilikuwa la kujitetea: tumetafsiri kama ilivyokuja. Nikaona nifungue maandishi ya Kiingereza nimnukulie. Hapo ndipo nilipopoa. Katika habari zote mbili Kiingereza kilikuwa kimetaja mtenda: mashabiki walivunja, waandamanaji walivunja. Rangi ilitajwa mara moja tu, katika habari ya pili, kumhusu kijana aliyekufa. Kwetu marehemu alikuwa "kijana" basi, na rangi yake tulikuwa tumeivua kwake tukawavisha waliovunja vioo.

Uamuzi wa kwanza: kubadilisha neno

Nilimpelekea mhariri mkuu. Alikuwa na mambo mengine matatu mezani na alitaka jambo lifungwe siku hiyohiyo. Aliamua neno "Weusi" kwenye kichwa libadilishwe kuwa "Waandamanaji", bila maelezo yoyote kwa wasomaji kwamba kumefanyika marekebisho. Akaagiza pia iandaliwe orodha ya maneno yasiyoruhusiwa.

Sababu zake hazikuwa za kipuuzi. Orodha inafundishika kwa siku moja, inakagulika, na mgeni kwenye dawati anaweza kuifuata bila kuelewa lolote. Nilimuunga mkono. Tulitaja matusi ya wazi ambayo hakuna aliyekuwa akiyatumia, tukaongeza majina ya mitaani wanayopewa Wahindi na Waarabu, tukamalizia na "weusi" ikisimama peke yake bila "watu" mbele yake. Karatasi ikabandikwa ukutani.

Dogo alikuja mezani kwangu baadaye. "Dada, mimi niliweka 'Weusi' kwa sababu 'Waandamanaji' ilikuwa haiingii." Alikuwa anasema kweli. Weusi ni herufi tano, Waandamanaji ni kumi na mbili. Nilimwambia "Vijana" nayo ingeingia. Akanyamaza kidogo, akasema haikumjia. Mazungumzo hayo mafupi yalinifundisha kuliko kikao chochote tulichokaa: nafasi finyu ilidai neno fupi, lakini ni mazoea yaliyochagua neno fupi lipi. Jumapili, nafasi ikiwa ileile, neno fupi lililomjia lilikuwa "Furaha".

Orodha inavyoshindwa

Mambo mawili yalijitokeza ndani ya miezi michache.

Kwanza, neno lililopigwa marufuku lilizaa mbadala, na mbadala ukaenda kuishi nyumba ileile. Badala ya "weusi" wafasiri walianza kuandika "wenye asili ya Afrika". Ni maneno ya heshima. Lakini nilipopitia habari zetu niliona yanajitokeza mtu anapokamatwa, anaposhtakiwa, anapotafutwa. Daktari mweusi aliyepata tuzo alikuwa "daktari" tu. Kwa mwendo huo, heshima yote ya "wenye asili ya Afrika" ingeisha kabla ya mwaka kwisha, na tungelazimika kutafuta jina jingine la kuchakaza.

Pili, kikaja kichwa hiki: "Wimbi la wahamiaji haramu lafurika mpakani." Hakuna neno lililokuwa kwenye orodha. Siku chache kabla yake tulikuwa tumechapisha habari ya Wazungu waliokuwa wakiishi katika nchi fulani na kufanya kazi kwa kompyuta bila vibali. Hao tuliwaita "wageni wanaofanya kazi kwa mbali", na kichwa kikasema "wabanwa na sheria ya vibali". Kosa kisheria lilikuwa la jamii moja, kukosa kibali. Mmoja ni mgeni aliyebanwa na sheria, mwenzake ni haramu, na tena si mtu bali maji.

Hilo neno "haramu" tunalizungumza kirahisi mno. Ni neno la nguruwe, riba na pombe, kila anayelisikia analisikia na uzito wake wa dini. Kulibandika kwa mtu aliyekosa karatasi ni kusema zaidi ya sheria inavyosema. Shirika la habari la AP liliachana na "mhamiaji haramu" kwa Kiingereza Aprili 2013, kwa hoja kwamba tendo linaweza kuwa kinyume cha sheria lakini mtu hawi. Sisi tulikuwa tukitafsiri habari zao zilizokwisha kusafishwa na kulirudisha neno kwa mikono yetu.

Uamuzi wa pili: maswali kabla ya kuchapisha

Safari hii nilipendekeza tuache kuwinda maneno, tuwe na maswali ambayo mhariri wa zamu anayajibu mwenyewe. Rangi au asili ina kazi gani katika habari hii? Mtenda yuko wapi katika sentensi, na je, pande zote zimepimwa kwa kitenzi cha uzito mmoja? Na ukigeuza, ukaweka kundi jingine mahali pa hili, sentensi bado inasemeka?

Kikao kilikuwa kikali. Mwandishi wetu mkongwe, tuliyemwita Mzee na ambaye aliishaandika habari sisi wengine hatujaanza shule, alipinga. "Mkificha rangi mnamdanganya msomaji. Yule kijana alikufa kwa sababu ni mweusi, ndivyo waandamanaji wanavyosema. Sasa mkiandika 'kijana afariki' mmeandika nini?" Wengine walidhani anatetea kichwa cha zamani. Alikuwa anasema kitu kingine kabisa, na ndicho kilichotunyoosha: katika habari ile rangi ilikuwa na kazi, ila kazi yake ilikuwa kwenye kifo.

Tulikiandika upya kichwa cha Alhamisi pale pale, kwa zoezi: "Polisi wahojiwa kifo cha kijana mweusi, waandamanaji wavunja maduka." Cha Jumapili kikawa: "Mashabiki wavunja maduka wakishangilia ubingwa." Kilichonishangaza ni kwamba hiki cha pili kilionekana kikali, karibu cha kuonea, ilhali kilisema jambo ambalo hakuna aliyebisha. Tulikuwa tumezoea kundi lile lisemwe kwa upole kiasi kwamba ukweli mtupu ulisikika kama shutuma.

Mhariri mkuu alikubali maswali yatumike kwa majaribio, na akakubali pia, baada ya kusitasita, tuweke chini ya habari ya Alhamisi maelezo kwamba kichwa cha awali kilikuwa na kosa na kosa lenyewe ni lipi.

Matokeo

Hayakuwa safi. Maelezo ya marekebisho yalileta shukrani kutoka kwa yule msomaji, na lawama kutoka kwa wengine walioona tumeingiza siasa mahali pa habari. Zamu za usiku zilipungua kasi. Kuna mara mbili tulitanguliwa na wenzetu kwa sababu tulikuwa tunabishana juu ya kitenzi.

Swali la kugeuza nalo lilituumbua. Mfasiri mwingine, binti mwenye bidii sana, alipata habari ya mwanamume mweusi aliyenyimwa nyumba ya kupanga kwa rangi yake. Akajaribu kugeuza: "Mzungu anyimwa nyumba." Ilisikika ya ajabu, basi akafuta rangi. Habari ikachapishwa ikisema mpangaji amenyimwa nyumba, na msomaji akabaki hajui kwa nini hiyo ni habari. Tukalazimika kupanga upya: swali la kazi ya rangi litangulie, na kugeuza kuje mwisho, tena kwa ajili ya vitenzi na sifa tu.

"Wahamiaji haramu" imetoka, tunaandika "wahamiaji wasio na vibali". Hairudi isipokuwa ndani ya nukuu ya mtu mwingine. "Wimbi" linajirudisha lenyewe kila mwezi kama panya, nalifukuza.

Uchambuzi: kilichokuwa kimefichwa kwenye sarufi

Nirudi kwenye vichwa viwili, maana hapo ndipo pana nyama.

Kiswahili kinampa mwandishi ngazi. "Mashabiki walivunja vioo": kuna mtu, kuna tendo. "Vioo vilivunjwa": mtu kajificha lakini tunajua yupo. "Vioo vilivunjika": hapo hata mtu hayupo, kioo kimejimaliza chenyewe kama kikombe kilichoteleza mezani. Jumapili tulipanda ngazi hadi juu: yaharibiwa, kuvunjika, kuteketea. Alhamisi tulibaki chini kabisa: wavamia, wapora. Tena si "wavunja", ambalo lingetosha. Kuvamia ni neno la majambazi na majeshi.

Halafu kifo. "Aliyefariki dunia baada ya kukamatwa." Nilipoulizwa nilisema uchunguzi haujakamilika, hatuwezi kuandika "aliuawa". Hoja ni halali na bado naishikilia. Ila tahadhari hiyo tuliwapa polisi peke yao. Nani alikuwa amekamilisha uchunguzi wa uporaji? Nani aliyehesabu kwamba ni "kundi kubwa" na kwamba lote lilipora? Polisi tuliwasubiria ushahidi, umati tukauhukumu usiku uleule.

Tahadhari inayokwenda upande mmoja haikuanzia kwetu. Mei 2020 taarifa ya kwanza ya polisi wa Minneapolis, Marekani, kuhusu George Floyd, mwanamume mweusi aliyefia chini ya goti la askari, ilikuwa na kichwa kilichosema mwanamume amefariki baada ya tatizo la kiafya wakati wa kukutana na polisi. Goti shingoni halimo, na anayekufa humo anakufa mwenyewe tu. Bila video iliyopigwa na mpita njia, sentensi hiyo ingebaki kuwa ndiyo habari. Aprili 2021 askari huyo, Derek Chauvin, alitiwa hatiani kwa mauaji.

Na kuna mfano wa zamani zaidi unaofanana na wetu hadi unatisha. Agosti 2005, kimbunga Katrina kilipoufurikisha mji wa New Orleans, Marekani, picha mbili zilisambaa: kijana mweusi kwenye maji ya kifuani, maelezo ya AP yakisema ametoka kupora duka la vyakula, na watu wawili weupe kwenye maji yaleyale, maelezo ya shirika jingine la habari, AFP, yakisema wametoka kupata mkate na soda dukani. Waliohusika walijitetea kwamba kila mmoja aliandika alichokiona: mmoja alimwona kijana akiingia dukani, mwingine aliona bidhaa zikielea. Inawezekana kabisa walisema kweli. Lakini msomaji hakuwa na maelezo hayo ya nyuma ya pazia, alikuwa na picha mbili na vitenzi viwili. Tofauti yao na sisi ni kwamba wao walikuwa mashirika mawili. Sisi tulikuwa dawati moja, mfasiri mmoja, mhariri mmoja, ndani ya siku tano.

Jambo ambalo sikulijua kabla ya kisa hiki linahusu wingi. Kiswahili hakina kineno cha kutenganisha "weusi wale" na "weusi wote". "Weusi wavamia maduka" inasomeka kama habari ya watu fulani usiku fulani, na inasomeka vilevile kama tabia. Mwaka 2012 Marjorie Rhodes, Sarah-Jane Leslie na Christina Tworek walichapisha utafiti wa watoto wa miaka minne na watu wazima waliosomewa kitabu kuhusu watu wa kubuni. Waliosikia sentensi za kundi zima, kwamba watu hao hufanya hivi na vile, walielekea zaidi kuamini kuwa sifa hizo ni za asili yao kuliko waliosikia sentensi za mtu mmoja mmoja. Watu wenyewe hawakuwepo duniani, sentensi zilitosha. Nasi kwa mdomo tumezoea hata umoja ubebe kundi zima: "Mchina bwana, hashindwi kitu," "Mhindi hakupi deni hivihivi." Mtu mmoja kasimama kwa niaba ya mamilioni. Kwenye kichwa cha habari tiba ni neno moja, "baadhi ya", na ndilo la kwanza kukatwa nafasi ikibana.

Sitaki kusema orodha haikuwa na maana yoyote. Jina la kundi lina uzito wake. Utafiti wa Erika Hall na wenzake wa mwaka 2015 uliwaonyesha Wamarekani weupe watu wa kubuni, wengine wakiitwa "Black" na wengine "African-American", na wale wa jina la kwanza walikadiriwa kuwa na hadhi ya chini, kipato na elimu pungufu, ingawa ni majina ya watu walewale. Kwa hiyo kubadilisha jina hubadilisha kitu. Kosa letu lilikuwa kudhani jina ndilo kila kitu, tukaacha vitenzi vikifanya kazi yao usiku kucha bila mlinzi.

Lililobaki wazi

Katika sentensi moja sisi huandika "Wazungu" kwa herufi kubwa na "watu weusi" kwa ndogo. Kundi moja lina jina, jingine lina rangi. Ukitaka kusawazisha kwa kuandika "watu weupe" unakwama: kwa msemaji wa kawaida wa Kiswahili mweupe anaweza kuwa binamu yake, ndugu mmoja mweupe, mwingine maji ya kunde, baba na mama wamoja. AP walianza kuandika "Black" kwa herufi kubwa Juni 2020 na Dogo alipendekeza tufanye hivyo kwa "Weusi", jambo ambalo lingerudisha kwa mlango wa mbele neno tulilolitoa kwa dirisha. Mzee anasema tuandike nchi ya mtu na tuache rangi ikapumzike. Inafaa mara nyingi, isipokuwa habari yenyewe inapohusu rangi.

Kwenye mwongozo wetu wa uandishi, ukurasa unaohusu majina haya, nimeandika kwa kalamu, pembeni: "Tuulizane kikao kijacho." Vikao kadhaa vimepita.